Machela pasipo na miti: historia fupi, na namna ya kuifunga kwenye mbuga tupu



Kila msimu wa kulinda mazao swali moja hunirudia. Mfugaji aliye malishoni mbali na boma, kijana anayelinda shamba usiku, hata mimi mwenyewe ninapokagua mashamba na giza likanikuta njiani, sote tunajiuliza tutalala wapi. Chini kuna nge, siafu na nyoka. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga unageuka uji. Ndipo mtu anapokumbuka machela, kile kitanda cha nguo au wavu kinachofungwa huku na huku kikaning'inia katikati. Anainunua mjini, anafika nayo mbugani, anatazama pande zote nne na haoni mti hata mmoja. Anaikunja, analala chini.

Leo sitaanza na kamba na vigingi. Nitaanza na historia, kwa sababu jibu limo humo. Ukiifuatilia safari ya machela utaona kwamba mara nyingi haikufungwa kwenye miti iliyosimama porini. Ilifungwa kwenye nguzo za nyumba, kwenye boriti za meli, na kwenye mabega ya watu.

Nguzo za nyumba

Mwezi Oktoba mwaka 1492 Christopher Columbus alifika visiwa vya Bahama. Katika kumbukumbu zake za safari alieleza kwamba wenyeji, Wataino, walilala kwenye nyavu zilizosokotwa kwa pamba. Wao waliziita hamaca. Wahispania wakalichukua neno hilo, na kutoka kwao likaenea Ulaya nzima. Wadachi waliligeuza likawa hangmat, yaani mkeka wa kuning'inia, na bila shaka waliona limekaa vizuri zaidi hivyo.

Wewe mkulima wa pamba unayenisoma, liangalie jambo hili vizuri. Zao lile lile unalolipima kwenye mizani kila msimu ndilo lililowapa watu wa visiwa vile kitanda.

Miaka minane baadaye, mwaka 1500, meli za Wareno zilifika pwani ya Brazili. Karani wao, Pero Vaz de Caminha, alimwandikia mfalme barua ndefu. Humo alizieleza nyumba za wenyeji: ndefu, zenye nguzo ndani, na kutoka nguzo hadi nguzo kumefungwa wavu ambao watu hulala humo. Chini ya nyavu waliwasha moto ili wapate joto. Caminha hakuwa na jina la kitu kile, akakiita rede, yaani wavu. Mpaka leo Wabrazili wanakiita hivyo hivyo.

Chukua mafunzo mawili hapo. La kwanza, machela inahitaji vitu viwili vilivyosimama imara, na si lazima viwe miti hai. Nguzo iliyochimbiwa vizuri, ikashikana na wenzake kwa paa, inatosha. La pili ni ule moto. Anayelala juu ya machela hupigwa na baridi kutoka chini, kwa sababu upepo unapita mgongoni mwake. Watu wa kale walilijua hilo, na wengi wetu tunalijua saa nane za usiku, tukiwa tumejifunika blanketi mbili juu na mgongoni hatuna kitu.

Boriti za meli

Ni mahali gani hapana miti kuliko baharini? Lakini mabaharia walilala kwenye machela kwa wingi. Jeshi la majini la Uingereza liliikubali rasmi mwaka 1597. Kabla ya hapo baharia alilala popote alipopata nafasi, juu ya mbao zilizolowa. Kwenye machela, meli ikiyumba, kitanda hubaki kimetulia na mtu haanguki.

Zilifungwa kwenye boriti za dari, na kila mtu alipewa upana wa inchi 14, karibu sentimita 36 tu. Kilichowaokoa ni zamu, kwani nusu ya watu walikuwa kazini wakati nusu wamelala, hivyo nafasi ikawa maradufu. Asubuhi kila mtu aliviringisha machela yake, akaifunga, na zote zikapangwa kwenye kingo za meli. Wakati wa vita mafungo yale yalizuia risasi na vipande vya mbao. Na baharia akifa safarini, mara nyingi alishonewa ndani ya machela yake mwenyewe na kushushwa baharini.

Funzo la meli ni hili: boriti ilibeba mzigo kwa sababu ilikuwa sehemu ya mwili mzima wa chombo. Kwa hiyo usifunge machela kwenye nguzo ya matofali iliyosimama peke yake, wala kwenye ukuta wa matofali ya tope. Machela haivuti kwenda chini tu, inavuta pia kwenda ndani. Nguzo kama hiyo ikishindwa, humwangukia aliyelala.

Mabega ya watu

Sasa tuje kwetu. Neno machela limetufikia kutoka Kireno, machila. Wareno walilitumia pwani ya Malabar huko India na kwenye bonde la Zambezi kwa maana ya kiti au kitanda kinachoning'inizwa kwenye mti mrefu na kubebwa mabegani. Ndiyo maana kwetu, ukitaja machela, mtu hafikirii mapumziko. Anafikiria mgonjwa.

Mfano unaojulikana sana ni wa mwaka 1873. Dkt. David Livingstone alikuwa kwenye vinamasi vya Bangweulu, katika Zambia ya leo, akiwa hajiwezi kwa kutoka damu. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walifunga fito pamoja, wakatandika majani na blanketi juu yake, wakakining'iniza kitanda kile kwenye mti mmoja mrefu, na watu wawili wakambeba. Nchi ile ilikuwa maji na nyasi, si mahali pa kutafuta miti miwili iliyokaribiana. Wao wenyewe wakawa nguzo.

Livingstone alifariki mapema mwezi Mei katika kijiji cha Chitambo. Waliukausha mwili wake, wakauweka ndani ya gome la mti, wakaushonea turubai la tanga na kuufunga tena kwenye mti wa kubebea. Waliubeba zaidi ya kilomita 1,600, wakapitia Tabora, hadi wakafika Bagamoyo Februari 1874.

Baada ya hapo ukoloni uliifanya machela kuwa kitu cha fedheha. Maafisa na wageni wengi walisafiri wamelala, huku vijana wakipokezana mti begani, kilima baada ya kilima. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi wa Kikosi cha Wabebaji walibeba chakula, risasi na majeruhi katika nchi isiyopitika kwa magari. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho. Tunalitaja kila siku tukienda sokoni, na mara chache tunakumbuka mabega yaliyolileta.

Basi ukiniuliza watu walifanya nini pasipokuwa na mti, historia inajibu kwamba mtu aligeuzwa mti.

Kwa nini hapa kwetu hakuna miti?

Swali hili ni la kazi yangu, kwa hiyo niruhusu. Nyanda za Shinyanga hazikuumbwa tupu. Zilikuwa na vichaka na misitu ya miombo na migunga. Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka vichaka kwa eneo kubwa ili kuua makazi ya mbung'o, kwani mbung'o waliua ng'ombe na kuleta malale kwa watu. Nia haikuwa mbaya. Lakini baada ya hapo mashamba ya pamba yalipanuka, mifugo ikaongezeka, kuni na mkaa vikaendelea kukatwa, na watu walipohamishiwa vijijini, ngitili nyingi ziliachwa bila mwenyewe. Ngitili, kwa msomaji asiye Msukuma, ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili lisaidie kiangazi. Hali ikafika mahali mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowarudisha wananchi kwenye ngitili zao. Mradi ulifungwa mwaka 2004, na kufikia hapo zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto. Sehemu kubwa haikupandwa hata mche mmoja. Ilizuiwa tu ng'ombe na shoka, visiki vikachipua vyenyewe. Lakini si kila kijiji kilifanya hivyo. Mimi nimefanya kazi katika kijiji ambacho hakikufanya.

Mti uliotoka kwenye paa

Ilikuwa mwezi Machi, miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa nimelala kijijini hapo kwa sababu pikipiki yangu ilizama kwenye tope. Alfajiri tukasikia kelele: mama mmoja mjamzito amezidiwa. Gari lisingefika, na zahanati ilikuwa ng'ambo ya mbuga, mwendo wa saa tatu kwa miguu kwenye tope lile. Blanketi lilipatikana, na kamba pia. Wabebaji walikuwepo wanane.

Hakukuwa na mti wa kubebea.

Tulizunguka na tochi. Tulipata fito za uzio, nyembamba. Tulijaribu kufunga mbili pamoja, zikapinda kabla hajalala. Muda ulikwenda. Mwishowe mzee mmoja aliingia nyumbani kwake, akapanda juu ya jiko la mkewe, akakata kamba na kuchomoa boriti ya paa. Nyasi ziliporomoka juu ya vyungu. Akasema tu, "Nyumba itajengwa tena."

Tukambeba. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Mganga wa zahanati hakusema kwamba ni kwa sababu tulichelewa, na mimi sitasema jambo nisilolijua. Lakini wakati wa kurudi yule mzee alitembea karibu nami, boriti yake begani, akaniuliza, "Bwana shamba, umetufundisha kupanda pamba kwa mistari. Mti wa kubebea mgonjwa tuupande mstari wa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ni sehemu ya jibu langu.

Namna ya kufunga machela mbugani

Kwanza elewa mvuto. Wengi hukaza machela mpaka inyooke kama waya wa simu, wakidhani ndiyo imara. Ni kinyume chake. Chukua mtu wa kilo 70. Kamba zikiteremka kwa nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila kamba inabeba kilo 70. Zikiteremka kwa nyuzi 10 tu, kila kamba inabeba kama kilo 200. Kwa nyuzi 5, ni kilo 400. Mtu ni yule yule. Kwa hiyo acha machela ilegee. Kipimo rahisi: kwa kila mita moja kamba inayokwenda pembeni, ipande kama sentimita 60.

Mahitaji ni fito nne imara za mita 2, zenye unene wa kifundo cha mkono. Magogo mawili ya mita moja moja. Na kamba nzuri yenye unene wa kidole. Kama unasafiri na mkokoteni au baiskeli, vyote hivi vinabebeka.

1. Funga fito mbili mbili zipishane kama mkasi, fundo likiwa mita 1.7 kutoka miguuni. Tanua miguu yake kama mita moja.

2. Simamisha mikasi hiyo miwili ikiwa mita 4 mbali, ikitazamana. Chimbia miguu kidogo ili isiteleze.

3. Nyuma ya kila mkasi, mita 2.5 kuelekea nje, chimba mtaro wa mita moja wenye kina cha nusu mita, ukikingama na kamba itakakotoka. Funga kamba katikati ya gogo, lilaze mtaroni, fukia na shindilia. Kamba ichimbiwe njia yake nyembamba itokee kwa mshazari. Kigingi cha kupigilia huchomoka, lakini gogo lililozikwa hushikwa na uzito wa udongo wote ulio juu yake. Anayejua kujenga nguzo ya kona ya uzio wa waya ameshanielewa.

4. Pitisha kamba kutoka kwenye gogo, iingie kwenye panda ya mkasi na kuzungushwa mara moja, kisha ifungwe kwenye machela. Ukilala, sehemu ya chini ibaki usawa wa goti. Usifunge juu zaidi. Kuanguka kutoka usawa wa goti ni kicheko, kutoka usawa wa kifua ni hospitali.

5. Jaribu kwa kukaa taratibu, mwenzako akiangalia magogo. Ukiona ardhi inapasuka au kuinuka juu ya gogo, chimba upya, zidisha kina.

Udongo mweusi ukilowa hushika vibaya, na ukikauka sana hupasuka. Ukiweza, hamia kwenye mwinuko wa kichanga. Ukifunga kwenye mkokoteni au tela, zuia magurudumu kwa mawe, na usifunge kamwe kwenye gari ambalo mtu mwingine anaweza kuja kuliwasha. Mbu atakuuma kupitia kitambaa cha chini hata ukiwa na chandarua juu, kwa hiyo tandika mkeka au gunia nene mgongoni. Litakukinga na baridi pia. Radi ikianza, shuka uondoke. Kwenye uwanda mtupu hutaki kuwa karibu na kitu kilichosimama juu kuliko vingine. Nenda kwenye nyumba nzuri au ndani ya gari lililofungwa.

Machela ya mgonjwa

Hii kila kitongoji kiwe nayo, imetundikwa mahali panapojulikana: mti mmoja mkavu, mnyoofu, wa mita 3.5 hadi 4, na nguo imara yenye kamba mbili. Ujaribuni mti huo kwa kubeba mtu mzima aliye na afya, tena kila mwaka, kwani mchwa hawasubiri dharura. Wabebaji wapokezane kabla hawajachoka, si baada ya kuchoka. Mama mjamzito alale ubavu, wa kushoto ikiwezekana. Aliyeanguka kutoka juu au kugongwa, akihisiwa kuumia uti wa mgongo au shingo, asiwekwe kwenye machela inayopinda. Abebwe kwenye ubao au mlango ulionyooka.

Mstari wa ngapi?

Mzee yule alijenga tena jiko la mkewe. Mwaka uliofuata alinionyesha kipande cha shamba alichokizungushia miiba, mbuzi wasiingie. Ndani yake kulikuwa na visiki vya mgunga vilivyoanza kuchipua, na mistari miwili ya miche ya mwarobaini na mjohoro. Hakuniuliza nafasi ya kupandia. Aliipima mwenyewe kwa hatua.

Nawe fanya hivyo. Fungia kipande kimoja, hata robo eka, uache visiki vijitetee. Karibu na nyumba panda miti miwili, mita 4 au 5 kati yake, na uizungushie miiba. Ikishakomaa, ukifunga machela tumia mkanda mpana, si kamba nyembamba, ili usikate gome na kuuua mti uliongoja kwa miaka. Na mti mmoja mnyoofu usiuuze kwa mchoma mkaa hata akikupa bei nzuri.

Uwekee mgonjwa ambaye bado humjui.

Kazi njema, na tukutane tena shambani.